Ala za Momela: Watunzi wa Marekani na Sauti ya Afrika

Muziki wa klasiki, yaani muziki ambao mtunzi huuandika kwa noti tangu mwanzo hadi mwisho ili watu wengine waupige na kuuimba kwa kufuata maandishi yake, umetungwa nchini Marekani kwa muda wa karne mbili na nusu hivi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo watunzi wake wamekuwa wakihangaika na swali moja: sauti ya Kimarekani ni ipi, na inatoka wapi? Jibu la swali hilo liliwapeleka mara nyingi kwa watu weusi waliokuwa wakiishi miongoni mwao, na kupitia watu hao likawafikisha Afrika yenyewe. Mkaazi wa Arusha au wa miteremko ya Mlima Meru anaweza kuiona historia hii kuwa ya ng'ambo, isiyomhusu, ilhali njia yake ilipita Momela, kando ya yale maziwa ya magadi yanayotembelewa na heroe, ikapita pia Makumira, mwendo mfupi tu kutoka njia panda ya Usa River inayopanda kwenda Momela. Katika kuifuata njia hiyo, jambo la kuangalia kwa makini ni majina: ni nani aliyesikilizwa, na ni nani, baada ya kusikilizwa, alitajwa.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kanisani. Mwaka 1770, kabla makoloni ya Uingereza hayajajitangazia uhuru, fundi wa ngozi wa mjini Boston aitwaye William Billings alichapisha kitabu cha nyimbo kiitwacho The New-England Psalm Singer, ambacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha muziki kilichotungwa chote na mzaliwa wa Marekani. Billings hakuwa msomi wa muziki. Alijifunza kwa kuimba na kwa kuwafundisha wengine kuimba, na nyimbo zake zina nguvu na ukavu wa mtu asiyeomba ruhusa. Kizazi kilichofuata kiliona aibu juu ya ukavu huo. Katika karne ya 19 kijana wa Kimarekani aliyetaka kuwa mtunzi wa heshima alipanda meli kwenda Ujerumani: John Knowles Paine, aliyepewa cheo cha profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1875, alisomea Berlin, na George Chadwick alisomea Leipzig, mji ambao Felix Mendelssohn alianzisha chuo cha muziki mwaka 1843. Leipzig si jina geni kwa Wameru, kwa kuwa ndio mji uliowatuma wamisionari waliojenga misheni ya Nkoaranga mwaka 1902, wakaleta pamoja na Injili nyimbo za Kijerumani za sauti nne. Kwa hiyo mwanakwaya wa Nkoaranga na mtunzi wa Boston, kila mmoja kwa wakati wake, walipewa kipimo kilekile cha uzuri, na wote wawili waliambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba sauti ya nyumbani haitoshi.

Mmoja aliyekataa mapema kufikiri hivyo alikuwa Louis Moreau Gottschalk, mpiga piano aliyezaliwa New Orleans mwaka 1829. Katika mji huo kulikuwa na uwanja ulioitwa Congo Square, ambapo watumwa waliruhusiwa siku za Jumapili kukusanyika, kuuza vitu vyao, kupiga ngoma na kucheza. Gottschalk alikulia katika mji huo na katika nyumba yenye nyimbo na hadithi za watu weusi, na alipokwenda Paris akiwa bado kijana mdogo aliwashangaza wasikilizaji kwa kipande cha piano alichokiita Bamboula, jina la ngoma na mchezo wa watumwa. Ujasiri huo unastahili sifa, lakini kisa chake kina upande mwingine ambao utajirudia katika historia hii: jina la Gottschalk lilivuka bahari, na hakuna hata jina moja la wale wapigaji wa Congo Square lililovuka pamoja nalo.

Swali la sauti ya Kimarekani lilipata jibu la wazi kutoka kwa mgeni. Mwaka 1892 Antonín Dvořák, mtunzi wa Bohemia, aliitwa New York kuongoza Chuo cha Taifa cha Muziki kilichoanzishwa na Jeannette Thurber, chuo kilichowapokea pia wanafunzi weusi. Mmoja wa wanafunzi hao, Harry Burleigh, alimwimbia Dvořák nyimbo za kiroho za watumwa, yaani nyimbo za sala na matumaini zilizozaliwa mashambani wakati wa utumwa na kurithishwa kwa midomo. Burleigh mwenyewe alizipata kwa babu yake, aliyekuwa mtumwa. Mwaka 1893 Dvořák alitangaza kwamba muziki wa baadaye wa Marekani ungepaswa kujengwa juu ya nyimbo za watu hao, na mwezi Desemba mwaka huohuo simfonia yake iliyotungwa Marekani ilipigwa katika ukumbi wa Carnegie. Simfonia ni utungo mrefu wa okestra, kwa kawaida wenye sehemu nne, na okestra ni kundi kubwa la wapigaji wa ala za nyuzi, za kupuliza na za kugonga. Wako watunzi wa Boston waliokasirishwa na maneno yale, na Amy Beach alijibu kwa kutunga simfonia juu ya nyimbo za asili za Ireland, iliyopigwa na okestra ya Boston mwaka 1896 na kumfanya kuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutunga na kuchapisha simfonia. Burleigh naye aliendelea na kazi kimyakimya, akiziandika zile nyimbo za kiroho kwa ajili ya sauti moja na piano hadi zikaingia katika majumba ya muziki zikiwa na jina lake, jambo ambalo pengine liliwasaidia watu wake kuliko hotuba ya mwalimu wake.

Watunzi weupe wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 wanajulikana vya kutosha, na hapa watatajwa kwa kifupi. Charles Ives, aliyekuwa mfanyabiashara wa bima, alichanganya nyimbo za kanisani na za bendi za mitaani kwa namna iliyowashinda wapigaji wa siku zake. George Gershwin alileta jazi katika ukumbi wa okestra mwaka 1924. Aaron Copland aliipa nchi yake sauti pana na tulivu ambayo Wamarekani wengi hadi leo huitambua kuwa ni yao. Lakini agizo la Dvořák lilitekelezwa kwa ukamilifu zaidi na watunzi weusi. William Grant Still aliandika Afro-American Symphony, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Rochester mwaka 1931, akaijenga juu ya mwendo wa bluzi, mtindo wa nyimbo za watu weusi wa Marekani, na kuingiza banjo, ala ambayo mababu wa watumwa walikuja na kumbukumbu yake kutoka Afrika Magharibi. Tarehe 15 Juni 1933 okestra ya Chicago ilipiga simfonia ya kwanza ya Florence Price, mwanamke mweusi kutoka Little Rock, na mwaka uliofuata Philadelphia ikasikia Negro Folk Symphony ya William Dawson, ambayo mtunzi aliirekebisha baada ya safari ya Afrika Magharibi mwaka 1952, kwa sababu huko alisikia midundo aliyoona imekosekana katika kazi yake. Sehemu kubwa ya maandishi ya Price iligunduliwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa katika jimbo la Illinois. Ni vigumu kuusoma ukweli huo bila uchungu: kazi za mtunzi aliyepigwa na okestra kubwa ya nchi yake zililala mavumbini kwa zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Miongoni mwa watunzi hao yuko mmoja ambaye Watanzania wana haki ya kumwita wao. Shirley Graham alizaliwa Indianapolis mwaka 1896, binti wa mchungaji, na baba yake alipokwenda Liberia kuongoza shule mjini Monrovia, nyimbo na midundo ya huko ikamfikia binti. Alipokuwa Paris kwa masomo alikutana pia na Waafrika, akawasikiliza. Matunda ya usikivu huo yalikuwa Tom-Tom, opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake karibu yote huimbwa pamoja na okestra. Opera hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1932 katika uwanja mkubwa wa michezo wa Cleveland, mbele ya maelfu ya watazamaji na kwa waigizaji na waimbaji wapatao mia tano, na inahesabiwa kuwa opera ya kwanza ya mwanamke mweusi wa Marekani kuonyeshwa kwa ukubwa wa namna hiyo. Hadithi yake inaanza katika kijiji cha Afrika, inapita katika shamba la watumwa kusini mwa Marekani, na kumalizikia Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Kinachoziunganisha sehemu hizo tatu ni mlio wa ngoma usiokatika. Graham hakuishia kwenye jukwaa. Alisoma pia Oberlin, na tasnifu yake ya shahada ya pili ilichunguza mabaki ya Uafrika katika muziki wa kisasa, maana yake ni kwamba alichokisikia kwa masikio alitaka kukithibitisha kwa hoja.

Baada ya hapo maisha yalimchukua kwenye siasa na uandishi wa vitabu. Aliolewa na mwanazuoni W. E. B. Du Bois mwaka 1951, wakahamia Ghana mwaka 1961, na baada ya mumewe kufariki mjini Accra mwaka 1963 alipewa kazi ya kuongoza televisheni ya taifa ya Ghana. Serikali ya Kwame Nkrumah ilipopinduliwa mwaka 1966 ilimbidi aondoke, na katika miaka yake ya mwisho Tanzania ilimpa uraia. Alifariki Beijing tarehe 27 Machi 1977 akiwa Mtanzania. Maandishi ya Tom-Tom, ambayo kwa miaka mingi yalidhaniwa kupotea, yalikutwa miongoni mwa karatasi zake zilizohifadhiwa Harvard. Hivyo opera iliyoanza na ngoma ya kijiji cha Kiafrika ilitungwa na mtu aliyekufa akiwa raia wa nchi ya Kiafrika, na ingefaa sana jina lake litajwe Dar es Salaam na Arusha kama linavyotajwa Cleveland.

Kabla ya Wamarekani kufika Momela kupiga picha za filamu, Mmeru mmoja alikuwa ameshafika New York. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu takriban 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, nchi tambarare iliyo upande wa pili wa Momela, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa na watu wakatakiwa kuhamia King'ori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na shauri lake likawa la kwanza la namna hiyo kutoka Tanganyika kusikilizwa na dunia kwa mdomo wa mwenyewe. Japhet hakuwa mwanamuziki, wala safari yake haikuhusu nyimbo. Anatajwa hapa kwa sababu yeyote anayezungumzia sauti zilizotoka Meru kwenda Marekani hawezi kuanza na filamu wakati sauti ya kwanza ilikuwa ya mtu anayedai ardhi ya watu wake.

Baada ya miaka minane, katika mji uleule wa New York, sauti nyingine ya Mtanganyika ilisikika, safari hii ndani ya studio ya kurekodia muziki. Mwezi Novemba mwaka 1960 Randy Weston, mpiga piano na mtunzi kutoka Brooklyn, alikusanya kundi kubwa la wapigaji kurekodi utungo wa sehemu nne aliouita Uhuru Afrika. Kazi hiyo ni ya jazi, lakini imeandikwa na kupangwa kwa urefu na nidhamu ya muziki wa klasiki. Mpangilio wake, yaani uamuzi wa ala ipi ipige nini na lini, ulifanywa na Melba Liston, mwanamke aliyekuwa pia mpiga tromboni hodari. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno, na Weston, aliyetaka dunia isikie kwamba Afrika ina lugha zake zinazoweza kubeba mawazo makubwa, alimtafuta mtu wa kuyasema maneno ya ufunguzi kwa Kiswahili. Mtu huyo alikuwa Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Sehemu ya kwanza ya utungo ina jina la Kiswahili, Uhuru Kwanza, na sauti ya Sanga inasikika mwanzoni mwake. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964, jambo linaloonyesha kwamba ujumbe ulieleweka vizuri na wale waliouogopa. Katika historia ya watunzi wa Marekani kuchota kutoka Afrika, huu ni mfano wa nadra wa mapema ambapo Mwafrika wa Mashariki aliingia kwa jina lake na kwa lugha yake, akapewa nafasi ya mbele.

Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1960 mwongozaji wa filamu Howard Hawks na kundi lake kutoka Hollywood walikuwa kaskazini mwa Tanganyika wakipiga picha za filamu waliyoipa jina la Kiswahili, Hatari! Makao yao katika hadithi ya filamu yalikuwa shamba la Momela, kwenye ardhi ambayo familia ya Trappe kutoka Ujerumani ilianza kuilima mwanzoni mwa karne, mahali ambapo Meru inaonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Hadithi inahusu watekaji wa wanyama wa porini wanaowauzia mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani. Waigizaji, John Wayne na Hardy Krüger wakiwa miongoni mwao, walikimbiza vifaru na twiga kwa magari wao wenyewe. Krüger aliipenda nchi hiyo kiasi cha kununua ardhi Momela na kuishi hapo kwa miaka kadhaa. Sehemu ya ardhi ya jirani ilikuwa tayari imeanza kuhifadhiwa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, ambayo baadaye iliongezewa kreta ya Meru na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Mtunzi aliyepewa kazi ya kuandika muziki wa filamu hiyo, baada ya Hawks kutoelewana na Dimitri Tiomkin aliyetarajiwa mwanzoni, alikuwa Henry Mancini. Alizaliwa Cleveland mwaka 1924, mji uleule ambao miaka minane baadaye ungeonyesha Tom-Tom, akakulia West Aliquippa, Pennsylvania, ambako baba yake, mhamiaji kutoka Italia, alifanya kazi katika kiwanda cha chuma na kumfundisha mwanawe filimbi. Alisoma kwa muda katika chuo cha Juilliard kabla ya kuitwa jeshini, na baada ya vita alijifunza utunzi kwa walimu wawili wazito waliokimbia Ulaya, Ernst Krenek na Mario Castelnuovo-Tedesco. Wakosoaji wengine humtenga na watunzi wa klasiki kwa sababu aliandikia filamu. Utengano huo hauna msingi imara, kwa maana Copland naye aliandikia filamu, na kwa maana mtu anayejua kuigawa sauti moja kwa ala ishirini bila kuipoteza ni mtunzi, popote kazi yake inaposikilizwa.

Hawks alikuwa amerudi kutoka Afrika na ala za huko pamoja na sauti za nyimbo za Kimaasai zilizorekodiwa, akamkabidhi Mancini. Kulikuwa na marimba ya vidole gumba, kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole, ala ambayo Wagogo huiita ilimba. Kulikuwa na vibuyu vya kutikisa. Na kulikuwa na maganda makubwa ya mbegu yaliyokauka, yanayolia yakitikiswa kama kayamba. Mancini hakuzidharau. Muziki ulitungwa na kurekodiwa California baada ya picha kupigwa, na katika kipande kirefu kinachoitwa The Sounds of Hatari alizipa ala hizo nafasi ya kujenga hofu na mwendo kabla hajaleta okestra, akatumia milio mikavu ya kugonga ambako watunzi wengi wa Hollywood wangetumia kilio cha nyuzi. Kwa sikio la mtu aliyezoea ngoma za nyumbani, kipande hicho hakifanani na ngoma yoyote halisi ya Kimeru, Kiarusha au Kimaasai. Ni msitu wa kufikirika. Hata hivyo kina heshima ya namna yake, kwa kuwa mlio wa ala umeachwa usikike kama ulivyo bila kulainishwa.

Kilichoijulisha Momela kwa dunia, hata hivyo, kilikuwa kipande kingine kabisa. Mwigizaji Elsa Martinelli alikuwa amewazoea ndovu watoto watatu, nao wakawa wanamfuata kila aendako, hata katika hadithi akapewa jina la Mama Tembo. Hawks alipiga picha za wanyama hao wakifuatana naye kwenda kuoga majini, lakini mandhari hayo hayakuwa na kazi katika hadithi na alikuwa karibu kuyakata. Alimwonyesha Mancini. Mancini alipotazama miguu mizito ya wale watoto aliona ndani yake mwendo wa bugi, mtindo wa zamani wa piano wa watu weusi wa Marekani ambao mkono wa kushoto hurudia mdundo uleule chini wakati mkono wa kulia ukicheza juu. Akaandika wimbo usio na maneno wenye muundo wa bluzi, yaani vipimo kumi na viwili vinavyorudiwa, kipimo kikiwa ni fungu dogo la mapigo, akaupa kaliope, kinanda chenye mlio wa filimbi kinachosikika kwenye sarakasi, na klarineti ndogo yenye sauti nyembamba. Wimbo huo, Baby Elephant Walk, ulimpatia tuzo ya Grammy ya mpangilio bora wa ala, na hadi leo hupigwa na bendi za shule duniani kote na watoto wasiojua kwamba hatua wanazozipiga ni za ndovu wa Momela.

Mtu akiutafakari wimbo huu katika mkondo wa historia nzima, hapa ndipo mambo yanapokutana kwa namna ya kustaajabisha. Mtunzi wa Kimarekani alipotakiwa kuwapa sauti ndovu wa Afrika, hakuenda kwenye nyimbo za Kimaasai alizopewa. Alikwenda kwenye bluzi, mali ya wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Marekani kwa minyororo. Bila shaka hakuwaza hivyo, alitafuta tu kinacholingana na mwendo wa mnyama, lakini sikio lake lilikuwa limefundishwa na karne nzima ya Burleigh, Still na wapiga piano wa mitaani. Na katika simulizi linalorudiwa juu ya muziki wa filamu hiyo wanatajwa Hawks, Tiomkin, Mancini na Martinelli, wala hatajwi fundi aliyechonga ile marimba, wala waimbaji ambao sauti zao zilisafirishwa hadi California. Filamu ilitoka mwaka 1962, wakati Tanganyika ilikuwa imeshapata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Ala zilikuwa zimeondoka kabla ya hapo.

Wakati Hollywood ilipofungasha na kuondoka, Mmarekani mwingine alikuwa Tanganyika kwa muda mrefu tayari, akifanya kazi ya kinyume chake. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, alifika nchini mwaka 1946 na kuishi miongoni mwa Wanyaturu wa Singida, ambao alijifunza lugha yao kwa kina hata akaiandikia tasnifu ya udaktari kuhusu sauti na muundo wa maneno yake. Baadaye alifundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira, chini ya Meru, mahali walipokutana vijana kutoka Bukoba, Usambara, Singida, Uchagani na Umeru, kila mmoja akiwa na nyimbo za kwao kichwani huku kitabu cha nyimbo kikiwa bado kimejaa tuni za Kijerumani na Kiswidi. Olson aliwahimiza watunge kwa mahadhi ya nyumbani, yaani kwa mwendo na upandaji wa sauti wanaouishi, akaandika noti za walichotunga na kuzikusanya katika kitabu kiitwacho Tumshangilieni Mungu.

Ugumu wa kazi hiyo hauonekani upesi. Katika lugha nyingi za Kibantu silabi hupanda na kushuka kwa maana, na tuni ya Kijerumani inayolazimisha silabi kupanda pale inapotakiwa kushuka huweza kuligeuza neno au kulifanya lisieleweke. Na ingawa Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ambao tafsiri za nyimbo za Ulaya huuvunja kila mstari. Mtu aliyesomea sauti za Kinyaturu aliweza kulisikia kosa ambalo wengine walilizoea. Mmoja wa waliotunga ni Bernard Kyamanywa kutoka Buhaya, ambaye wimbo wake wa Pasaka wa mwaka 1966, Mfurahini Haleluya, ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold mwaka 1969 na kwa Kiingereza na Olson mwenyewe. Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, na chini yake limeandikwa jina la Kyamanywa pamoja na neno Tanzania. Baada ya zaidi ya miaka sitini tangu Leipzig kuleta nyimbo zake Nkoaranga, wimbo ulisafiri kurudi njia ileile, ukiwa na jina la mwenyewe.

Watunzi wakubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 nao walianza kuja kwa heshima ya wanafunzi. Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma kwa wapigaji wa Kiewe, na mwaka uliofuata akakamilisha Drumming, kazi ya takriban saa nzima iliyojengwa juu ya midundo inayopishana polepole. Katika Makumira yenyewe, ambayo sasa ni chuo kikuu, muziki unafundishwa hadi shahada ya kwanza, noti na ngoma pamoja.

Mwaka 2005 mtunzi wa California, Christopher Tin, aliyesomea Stanford na baadaye London, aliandikia mchezo wa kompyuta wimbo wa ufunguzi wa kwaya na okestra kwa Kiswahili tupu, Baba Yetu, ambao maneno yake ni ya Sala ya Bwana. Kwa mtu aliyezaliwa katika Kiswahili, wimbo huo unamshangaza kwanza kwa jambo dogo: Mmarekani asiye na ukoo wowote wa pwani wala wa bara amekisikia Kiswahili kuwa lugha ya utukufu, akakipa tarumbeta na ngoma kubwa kama watunzi wa zamani walivyokipa Kilatini. Mwezi Februari mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa nyimbo za michezo ya kompyuta, tena kwa upande wa mpangilio, kama ule wa ndovu wa Momela karibu nusu karne kabla yake. Safari hii aliyeyapanga maneno ya Kiswahili, Chris Kiagiri wa Kenya, anatajwa kwa jina pamoja na mtunzi.